Milango Mia na Kumi na Saba

Mwongozo niliourithi una milango mia na kumi na saba,
na hakuna hata mmoja wa kuingilia.
Zsombor aliupanga kwa alfabeti, kama daftari la simu:
kistari a, kistari b, kistari c,
kila swichi na neno lake moja kavu,
na pale alipochoka aliandika: "Usiulize."
Kisha akahamia Pécs kufuga nyuki,
na nyuki, nasikia, hawahitaji maelezo.

Januari, Szeged. Ukungu umelala juu ya mto Tisza
tangu Jumapili; tramu inasikika
kabla haijaonekana.
Nimetandaza kurasa sakafuni, jikoni hadi kitandani,
nazivuka kwa ncha za vidole,
mkasi mkononi, gundi mfukoni,
chembe za mkate zikipukutika juu ya sura ya sita,
sura isiyo na sura.
Ndiyo, mkasi. Kwenye skrini
kila fujo huonekana imepangika.

Programu yenyewe ni tiifu. Haina dirisha, haina kitufe.
Unaiandikia mstari mmoja, inaimeza filamu
na kuitema ikiwa na umbo jingine.
Ila ina adabu yake:
neno lile lile, likitangulia jina la faili,
linamhusu anayeingia;
likifuata, linamhusu anayetoka.
Jambo hili liliandikwa ukurasa wa mia mbili na tatu,
ndani ya mabano.

Siku ya tatu nilifuta "Usiulize" mojawapo:
*Weka sekunde ya kuanzia kabla ya faili.*
Nikaihamishia sekunde mwisho, panapopendeza macho,
nikajaribu kwa harusi ya binamu yangu,
saa tano nzima za fidla na supu,
nikiomba tu pale keki inapoanguka.
Programu ikaanza kuitazama harusi yote,
dakika kwa dakika, kama mgeni mwaminifu.
Feni ikanguruma. Chai ikapoa.
Nikairudisha sekunde mahali pake:
keki ikaanguka papo hapo.
Sababu nimeiandika. Mistari miwili tu.
Zsombor, ingekugharimu nini?

Halafu ikaja barua, karatasi halisi, stempu ya Makó,
mji wa vitunguu. Bi Gizella Törteli, mwalimu:
"Nimetafuta neno *sauti* katika kitabu chenu.
Lipo mara mia mbili na kumi na mbili.
Kuiongeza, kuipunguza, kuilinganisha na midomo,
kuigawa kushoto na kulia.
Mimi nataka kuiondoa.
Wanafunzi wangu kumi na wanne ni viziwi, somo letu ni mikono.
Sauti iliyomo ni ya kiti changu na lori la jirani,
nayo inakula nafasi kwenye simu za watoto."

Nilisimama kati ya kurasa kwa mguu mmoja, kama korongo.
Swichi ipo. Herufi mbili.
Inafanya kazi tangu mwaka wa kwanza.
Zsombor aliiweka ukurasa wa tatu, maelezo yake: "Huzima."
Huzima nini, hakusema.
Na mimi, mpangaji, mwenye mkasi na nia njema,
juzi tu niliibandika chini ya "Mengineyo".

Gundi ilikuwa imekauka. Nilibandua kwa kucha.

Sasa mlango wa kwanza hauna herufi juu yake.
Unauliza: *Unataka kufanya nini?*
Kukata kipande. Kupunguza uzito.
Kubadili chombo bila kugusa kilichomo.
Kuacha picha, kuondoa sauti;
na mfano wa hapo niliuomba Makó.

Ukaja jana usiku: ukuta mweupe, mvulana mwenye sweta ya kijani,
mikono yake ikisema jambo refu,
kisha darasa zima likicheka, mabega yakitikisika.
Nikaongeza sauti. Nikaongeza tena,
kwa mazoea, ndipo nikakumbuka.
Sijui alisema nini.
Nimeutazama mara saba,
na ukurasa wa kwanza bado haujakauka.